Simu, majani na mizizi ya mhogo

Swali: Nalima mhogo Mkuranga. Nimesikia kuna programu ya simu inayotambua magonjwa ya mhogo. Je, niiamini?

Jibu: Iamini, ila si kwa jani moja. Programu hiyo ni Nuru. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inatumia Kiswahili na hufanya kazi shambani hata pasipo intaneti. Imefunzwa kwa maelfu ya picha kutambua batobato, michirizi ya kahawia na uharibifu wa utitiri wa kijani. Katika majaribio, jani moja liliipa usahihi wa takriban asilimia 65. Majani sita ya mmea uleule yaliupandisha hadi kati ya 74 na 88. Kwa hiyo piga picha kadhaa, na usiyasahau majani ya chini yaliyokomaa, maana michirizi hujionyesha zaidi huko.

Mizizi, kamera haiioni. Michirizi huweza kuuozesha mhogo ardhini huku shina likionekana zima, na mmea ulioambukizwa hauna dawa. Ung'oe mapema, wala usikate pingili za msimu ujao kutoka kwake. Tafuta mbegu safi kwa wazalishaji waliothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania.