Kutunza Kobe Pasipo Kuleta Ugonjwa Nyumbani

Watoto wengi hupenda kufuga kobe uani. Hii si vibaya. Lakini kobe ni kiumbe mwenye uhai, naye anaweza kuugua na kuwaambukiza watu. Basi tujifunze kumtunza yeye na kujilinda sisi wenyewe.

1. Gamba. Wengine hutoboa gamba la kobe na kupitisha kamba ili asikimbie. Msifanye hivyo. Gamba ni mfupa wenye damu, na kobe husikia maumivu. Vidudu huingia katika tundu, na kidonda huoza. Mumjengee ua mdogo wa matofali au wa miti.

2. Jua na kivuli. Kobe hupata joto kwa jua. Tena jua husaidia mwili wake kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa na gamba. Kobe anayefungiwa ndani ya nyumba siku zote, gamba lake hulegea. Lakini jua kali pasipo kivuli litamwua. Awe na pahali pa jua na pahali pa kivuli.

3. Chakula. Kobe wa porini kwetu, yule anayeweza kukunja gamba lake upande wa nyuma, hula majani, matunda, uyoga na konokono. Msimpe bugali wala mkate. Maganda ya mayai yaliyopondwa ni mazuri kwa mifupa yake. Maji yawe katika chombo kipana kisicho na kina, nayo yabadilishwe kila siku.

4. Dalili za ugonjwa. Macho yakivimba, makamasi yakitoka, gamba likiwa laini, au akikataa chakula siku nyingi, kobe ni mgonjwa.

5. Kulinda watoto. Katika mavi ya kobe mna vidudu viitwavyo salmonela. Kobe anaweza kuwa navyo na kuonekana mzima kabisa. Vikiingia kinywani mwa mtu, huleta homa, maumivu ya tumbo na kuhara. Kwa sababu watoto wengi waliugua hivi, serikali ya Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimeta 10. Kwa hiyo:
– Nawa mikono kwa sabuni kila mara baada ya kumgusa kobe.
– Usioshe chombo chake pamoja na sahani za chakula.
– Usimwache aingie jikoni.
– Mtoto wa chini ya miaka 5 asimshike.

Mtoto akihara, mpe maji haya: litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawasawa pasipo kilima. Anyweshwe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu, homa kali, au macho yaliyobonyea, usingoje kesho. Umpeleke kwa munganga leo.

Maulizo
1. Kwa nini si vizuri kutoboa gamba?
2. Kobe mzima anaweza kuambukiza mtu namna gani?
3. Maji ya mtoto anayehara hutengenezwaje?