Nani Alitunga, Nani Aliimba?
Somo la juma hili: kusoma, msamiati na sarufi



Somo letu leo linaanzia bandari ya Al Hamriya, hapa Deira. Wenzetu wa Sharjah, msiichanganye na Hamriyah ya kwenu. Hii ni ile ya Dubai. Ni bandari ya meli ndogo na majahazi ya mbao. Zamani majahazi yalitegemea upepo, kaskazi ukiyapeleka pwani ya Afrika Mashariki na kusi ukiyarudisha. Siku hizi yana injini, lakini kazi ni ile ile: kupakia bidhaa na kuvuka bahari, mengine kwenda Iran, mengine Somalia na kwingineko.

Mzigo unaposafiri huandamana na hati. Hati hiyo husema mwenye mali ni nani, mzigo umetoka wapi, unakwenda wapi, na ni kiasi gani. Mzigo usio na hati ukifika ng'ambo, yeyote anaweza kusema, "Huu ni wangu."

Nyimbo nazo husafiri. Leo tutazisoma habari za nyimbo mbili, zote zikiwa na uhusiano na Kenya. Moja ilivuka bahari na hati yake. Nyingine ilivuka bila hati.

Kwanza, maneno ya bandarini

- *Nahodha*: mkuu wa chombo cha baharini. Wazee wa Ghuba nao husema nokhada. Asili ya neno ni Kiajemi.
- *Shehena*: mzigo wa chombo. Ukiona neno la Kiarabu "shahn" kwenye vibao vya mizigo, ujue hao ni ndugu.
- *Hamali*: mtu anayebeba mizigo kwa malipo.
- *Gati*: mahali chombo kinapofungwa ili kupakia au kupakua.
- *Hakimiliki*: haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni.
- *Mrabaha*: malipo anayopata mwenye hakimiliki kila kazi yake inapotumika.

Wimbo wenye hati

Roger Whittaker alizaliwa Nairobi mwaka 1936, mtoto wa wazazi Waingereza, na alikijua Kiswahili tangu utotoni. Baadaye alihamia Uingereza, akawa mwimbaji maarufu wa nyimbo za taratibu za gitaa, na fundi hasa wa kupiga mluzi. Alifariki mwaka 2023. Wazazi waliokulia Kenya, huenda mnaikumbuka sauti yake redioni, pamoja na za akina Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton.

Mwaka 1971 Whittaker alikuwa na kipindi cha redio Uingereza. Aliwaomba wasikilizaji wamtumie mashairi ili ayatilie muziki. Mmoja wa waliotuma alikuwa Ron Webster, mfua fedha wa mji wa Birmingham. Hakuwa mtu wa jukwaani. Shairi lake lilihusu baharia anayemuaga mpenzi wake bandarini, katika nchi ya joto, huku meli ikimngoja na vita vikiwa mbele yake. Whittaker alilitilia muziki, na ndipo ulipozaliwa wimbo *The Last Farewell*, yaani "Kwaheri ya Mwisho".

Mwanzoni wimbo haukuvuma sana. Mwaka 1975 ulianza kupigwa redioni Marekani, ukaingia katika nyimbo 20 bora za huko, na Uingereza ukafika nafasi ya pili. Mwaka 1976 Elvis Presley naye aliutoa kwa sauti yake. Lakini jina la Webster halikupotea njiani. Wimbo unaimbwa na Whittaker, unaimbwa na Elvis, na mtunzi wa maneno ni yule yule mfua fedha wa Birmingham. Hati ilisafiri na shehena.

Wimbo usio na hati

Wimbo wa pili ni *Malaika*. Bila shaka mmeusikia harusini. Aliyeurekodi kwanza na kuufanya ujulikane ni Fadhili William, Mtaita wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka mbali zaidi. Mwaka 1965 uliingia katika albamu yake na Harry Belafonte, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy upande wa muziki wa folk. Kundi la Boney M., lililokuwa na makao yake Ujerumani, liliutoa mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliuimba mwaka 1991.

Je, mtunzi ni nani? Hapo ndipo pana mzozo mpaka leo. Fadhili William alisema ni wake, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye rekodi nyingi. Wengine husema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi, na kwamba aliutunga miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda na ambaye hakufanikiwa kumuoa. Wapo na wengine waliodai. Wimbo ulipita midomo mingi kabla ya kuandikwa popote, na ulipofika kwenye mikataba na fedha, kila upande ulikuwa na neno lake. Kwa hiyo mmoja wa nyimbo za Kiswahili zinazojulikana zaidi duniani umejaa majina ya waimbaji, na palipo mahali pa mtunzi watu wanabishana.

Kuna jambo jingine lililoachwa njiani: maana. Watu wengi wa ng'ambo huusikia *Malaika* kama wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa sababu sauti yake ni laini. Wewe unayejua Kiswahili, sikiliza maneno. Ni kilio cha kijana mwenye mapenzi na mfuko mtupu. Anataka kuoa, na hana mali. Mtu anaweza kuucheza maisha yake yote bila kujua kwamba mwimbaji analia. Lugha yako ndiyo inayokufungulia mlango huo.

Na wanaosoma Kiarabu shuleni watazameni neno lenyewe. Kwa Kiarabu, "malaika" ni wingi, na mmoja ni "malak". Kiswahili kililichukua neno hilo na kulifanya litumike kwa mmoja na kwa wengi: *malaika anaimba, malaika wanaimba*. *Mali* nalo, jambo analolililia yule kijana, ni neno tunalochangia na Waarabu.

Sarufi: kutunga na kuimba

Kitenzi *-tunga* maana yake ya kawaida ni kupitisha vitu kwenye uzi: kutunga shanga, kutunga maua. Mtunzi wa wimbo naye huchukua neno moja moja na kulipitisha kwenye uzi. Anayevaa mkufu si lazima awe ndiye aliyetunga shanga zake.

- -tunga: mtunzi, utunzi, utungo
- -imba: mwimbaji, uimbaji, wimbo

*Wimbo* uko katika ngeli ya U-ZI: *wimbo huu umetungwa, nyimbo hizi zimetungwa*. Usiseme "wimbo hii".

Maswali

1. Kwa nini jina la Ron Webster halikupotea, ingawa hakuwa mwimbaji?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya mtunzi na mwimbaji.
3. Weka katika wingi: *Wimbo wa baharia umevuka bahari.*
4. Kijana wa *Malaika* ana shida gani? Jibu kwa sentensi mbili.

Kazi ya nyumbani

Mpigie simu bibi, babu au mtu mzima mwingine wa nyumbani. Muombe akuimbie wimbo mmoja aliojifunza utotoni: wa kubembelezea, wa mchezo, wa harusi au wa kazini. Umrekodi kwa ruhusa yake. Kisha uuandikie wimbo huo hati yake: jina la wimbo, aliyekuimbia, alijifunza kwa nani na wapi, unahusu nini, na mtunzi. Asipomjua mtunzi, andika "mtunzi hajulikani". Usijaze jina la mwimbaji mahali pa mtunzi.

Kwa wazazi

Msiwaandikie watoto kazi hii. Wasaidieni kwa maneno magumu tu, na kama wimbo ni wa lugha nyingine ya nyumbani, Kidigo, Kitaita, Kihaya au yoyote ile, uleteni hivyo hivyo. Maelezo yawe kwa Kiswahili. Nyimbo nyingi za wazee wetu hazikuandikwa popote. Zimo vifuani mwao, na simu ya dakika kumi inatosha kuuandikia mmoja hati yake.

Leteni kazi zenu somo lijalo. Tutazisikiliza pamoja.