Ukitumwa na Kikundi Kwenye Maonesho ya Madini
Mwongozo kwa wanawake wachimbaji wadogo, Geita na Shinyanga

Tangu 2018, Geita imekuwa na maonesho ya teknolojia ya madini. Pale mama anayeponda mawe Nyarugusu au Mwakitolyo humkuta Afisa Madini Mkazi, mtu wa benki na muuza makarasha kwa siku moja. Nafasi hiyo ni adimu, isiishie kwenye picha na kofia ya bure.

Kabla ya safari, kikundi kikae na kukubaliana juu ya swali moja, mawili yakizidi. "Tunaomba kuwezeshwa" si swali. Utajibiwa kwamba ombi limepokelewa, basi. Sema hivi: "Tuko 12, tunaponda mawe kwenye duara la mtu. Tunataka leseni yetu. Eneo gani liko wazi, na ada ni shilingi ngapi?" Hapo afisa atalazimika kutaja mahali na kiasi.

Leseni ndiyo kiini. Kwa Sheria ya Madini ya 2010, leseni ndogo ya uchimbaji, ile PML, hutolewa kwa Watanzania, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Asiye na jina kwenye leseni hukaa akingoja mwenye duara aamue ampe viroba vingapi vya mawe, hata kama ameamka alfajiri kuliko wote. Uongozi wa mwanamke mgodini tunautafuta hapo kwanza, kabla ya kiti cha meza kuu.

Beba nakala ya usajili wa kikundi na stakabadhi za mauzo. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na kila gramu inayouzwa sokoni huacha karatasi. Dhahabu iliyouzwa vichochoroni haiachi kitu, na mtu wa benki hawezi kukopesha maneno.

Watafute pia wanachama wa TAWOMA, chama cha wanawake wachimbaji kilichoanzishwa 1997. Waulize walivyopata leseni, na walikwama wapi. Mara nyingi nusu saa na mama aliyepita njia hiyo hufaa kuliko hotuba za asubuhi nzima.

Mwenye mtoto anayenyonya asiachwe kwa sababu hiyo. Kikundi kilipe nauli ya mlezi.

Andika papo hapo. Niliwahi kushika daftari la katibu mmoja wa Katoro, jalada limejaa vumbi jeupe la karasha. Kushoto aliandika jina, cheo na simu. Kulia, ahadi na tarehe. Sijaona mpangilio bora zaidi.

Ukirudi, usipitishe wiki bila kukutana na wenzako. Wasomee daftari lote, hata ahadi usizoziamini, na mwakani atumwe mwingine. Tarehe iliyoahidiwa ikifika, waende wawili ofisini, daftari mkononi, na waanzie kwenye ukurasa ule.