Gari Ambalo Fundi Wako Hajawahi Kuliona: Jinsi ya Kulinunua Bila Kuumia

Umeliona mtandaoni au pale yadi. Umbo la ajabu, bei nzuri, jina hulijui, na moyo umeshakwenda. Kila unayemwonyesha anakwambia, "Hilo halina spea." Msikilize, lakini usimwamini moja kwa moja. Magari mengi yasiyojulikana yamejengwa kwa vyuma vya gari ambalo jirani yako analo. Kazi yako ni kujua ni gari lipi, kabla hujatoa hata kishika uchumba.

Anza na kibao, achana na nembo. Kwenye Toyota nyingi kutoka Japani, ukifungua boneti utakuta kibao kidogo cha chuma kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Hapo kuna modeli, namba ya chasi, aina ya injini na aina ya gia boksi. Kipige picha. Kama gari bado liko Japani, mwombe muuzaji akutumie picha hiyo. Akizungusha maneno, tafuta muuzaji mwingine.

Sasa soma herufi za mwanzo. Nairobi watu wanaiita Corolla ya miaka ya 2000 "NZE", na herufi hizo zina kazi: NZ ni familia ya injini, E ni Corolla. Kwa hiyo ukikuta Toyota WiLL VS imeandikwa ZZE127, umeshamaliza nusu ya utafiti. Hiyo ni injini ya ZZ kwenye vyuma vya Corolla. WiLL Vi, ile ndogo ya mwaka 2000 ambayo kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani, inaanza na NCP kama Vitz. Kwa mbele huoni nembo ya Toyota, ndiyo maana watu wanaikimbia na bei inashuka.

Nembo inaweza kukudanganya pande zote mbili. Subaru Traviq ya 2001 hadi 2004 ni Opel Zafira iliyounganishwa Thailand. Ukiipeleka kwa fundi bingwa wa Subaru, hatakuta injini anayoijua. Toyota Cavalier ya miaka ya 1990 ni Chevrolet ya Kimarekani iliyobandikwa nembo ya Toyota. Zote mbili ziache, hata kama zinauzwa bei ya kutupa.

Kwa upande wa pili kuna Chevrolet Cruze iliyouzwa Japani kuanzia 2001. Jina linatisha, lakini aliyeitengeneza ni Suzuki, na injini zake za M13A na M15A ndizo zilizomo kwenye Swift. Chasi yake inaanza na HR. Usiichanganye na Cruze iliyotoka kuanzia 2008. Ile ni gari jingine kabisa lenye jina hilohilo.

Ukishajua gari lina asili gani, hakikisha kwa namba za spea. Spea nyingi za Toyota zina namba ya tarakimu na herufi 10, zimegawanywa tano tano. Ingiza namba ya chasi kwenye katalogi ya spea mtandaoni, chukua namba ya shokapu, kisha linganisha na ya Vitz au Corolla. Namba zikifanana, spea ni ileile. Zikitofautiana hata herufi moja, uliza kabla ya kununua. Andika namba hizo kwenye simu yako na uende dukani nazo. Ukimtajia muuzaji wa spea wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi jina "WiLL VS", huenda akatikisa kichwa. Ukimpa namba, anaingia stoo.

Hapa sasa tulia, maana ndipo wengi wanapoumia. Injini, gia boksi, breki na bushi utavipata. Kitakachokusumbua ni mwili wa gari: taa, bampa, saiti mira, vioo, milango, hata kamba za mpira za kuzuia maji. Vitu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya gari hilo pekee. Kioo cha nyuma cha WiLL Vi hakitoki kwenye Vitz yoyote. Mitsuoka Viewt, ile yenye sura ya Jaguar ya zamani, ndani ni Nissan March, lakini boneti na grili yake hazikai kwenye March nyingine. Suzuki X-90 ina injini ya Escudo ya 1.6, lakini ina viti viwili tu na paa la vioo vya kutoa. Mpira wa paa ukichoka, mvua inaingia ndani.

Kwa hiyo geuza utaratibu uliouzoea. Gari la kawaida unaanza kulikagua kwenye injini. Hili lianze nje. Taa iliyopasuka kwenye Corolla ni kasoro ndogo, kwenye gari adimu ni sababu ya kuliacha au kushusha bei kwa nguvu. Zunguka, gusa kila taa, kagua kila kioo, fungua na ufunge kila mlango. Mwagia maji juu ya paa, kisha papasa zulia ndani.

Gari likitoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada. Ukiona alama ya R au RA, gari lilipata ajali likarekebishwa. Kwa gari lisilo na bampa za kubadilisha, mimi ningeliacha hapohapo.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio la vitu vitano: pedi za breki, shokapu za mbele, taa ya mbele, kioo cha mbele na bampa. Ulizia bei kwa wauzaji watatu kwa ujumbe wa simu. Viwili vya kwanza vikikosekana, achana na gari. Vitatu vya mwisho vikihitaji kuagizwa Japani, ongeza gharama hiyo kwenye bei ya gari, ndipo uamue kama bado ni nafuu.

Angalia pia toleo la injini. WiLL VS na Toyota Voltz zipo za 1ZZ na za 2ZZ. 2ZZ ni injini ya mbio, ileile iliyowekwa kwenye Lotus Elise. Ni tamu, lakini kama unataka gari la kwenda kazini, chukua 1ZZ, ambayo imo pia kwenye Allion na Premio za 1.8 za miaka hiyo. Kabla ya kuinunua, chomoa kijiti cha oili ukiangalie. 1ZZ za mwanzo zilijulikana kwa kula oili, na moshi wa buluu utakuambia mapema.

Sheria nayo inakata majina mengi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda mwisho ni miaka 15. Tanzania inaruhusu la zamani, lakini kuna ushuru wa uchakavu, kwa hiyo pita kwanza kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Bei ya gari Japani inaweza kuwa ndogo kuliko kodi yake.

Uko Kenya na unataka la ndani ya miaka 8? Yapo, ila angalia mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Mazda Familia Van ya kuanzia 2018 ni Probox yenye nembo ya Mazda. Subaru Justy ya kuanzia 2016 ni ndugu wa Toyota Roomy. Weka bei ya kila moja kando ya ndugu yake, na ukipata tofauti ya maana, umepata gari lilelile kwa pesa kidogo.

Kama unaishi Uingereza, hesabu inabadilika. Nissan Figaro zilitengenezwa 20,000, na si chache zimeishia huko. Wapo mafundi na maduka yanayoishi kwa gari hilo tu. Kwako wewe Figaro ni salama kuliko gari jipya zaidi lisilo na mafundi wake.

Ukishalileta nyumbani, usimpigie fundi ukasema una gari la ajabu. Mwambie una Swift ya M13A, au Corolla ya ZZ. Fundi aliyezoea injini hiyo atatulia na kufanya kazi anayoijua. Na kwenye bima, piga picha gari lote, weka risiti, na mkubaliane thamani kwa maandishi kabla ya kukata bima kubwa.

Ukikuta gari bovu la aina yako likivunjwa, usilipite. Nunua taa, saiti mira na kioo cha nyuma, uvifungie stoo hata kama leo huvihitaji.

Ukiniuliza nichague: Kenya, Familia Van. Tanzania, Voltz yenye chasi ya ZZE136, vioo na taa zote zikiwa nzima. Ililetwa Japani kutoka kiwanda cha Fremont, California, kati ya 2002 na 2004, haikuuzika sana, lakini vyuma vyake ni vya Corolla. Traviq usiguse.