Mahindi Hayatunzwi kama Ulezi

Masika yakiisha, jua la Juni na Julai huwaita watu wa Nyambureti, wilayani Serengeti, kwenda kuvuna. Kazi ya kuvuna twaijua sote, wala haina haja ya kufundishwa. Neno letu leo ni juu ya kazi inayofuata, maana wengi huvuna vizuri kisha wakapoteza nyumbani.

Wazee wetu walizoea ulezi. Punje zake ni ndogo mno, wadudu hawaziwezi sana, nao ukikauka vema hukaa ghalani miaka mingi. Mahindi sivyo. Yanaye dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyatoboa yakiwa bado katika magunzi, hata yakawa vumbi.

Adui wa pili ni ukungu, ambao huzaa sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Dodoma na Manyara. Sumu hii haiishi kwa kupikwa, wala kwa kugeuzwa pombe. Basi asiseme mtu kwamba yaliyoota ukungu yatafaa kwa uji wa watoto.

Je, mwenye shamba dogo asiyetumia dawa za dukani afanyeje?

Kwanza, asiyamwage mahindi juu ya udongo. Ayaanike juu ya turubai, mkeka au kichanja, na jioni ayafunike yasipate umande.

Pili, ayachague. Yaliyooza, yaliyotobolewa na yaliyobadilika rangi yatengwe kabla ya kupukuchuliwa.

Tatu, ayapime. Twaa chupa kavu ya kioo na chumvi iliyokaushwa juani. Tia mahindi hata theluthi ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yangali na maji, yarudishwe juani. Isipogandamana, yaanikwe siku moja au mbili zaidi kwa usalama.

Nne, ayatie katika mifuko isiyopitisha hewa, afunge kila mfuko wa ndani peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo huimaliza hewa wakafa, pasipo dawa yo yote. Lakini mahindi mabichi yakifungwa humo yataharibika. Kwa hiyo kipimo cha chumvi kisirukwe.

Waalimu waweza kulionyesha jaribio hili darasani, na wenyeviti wa vijiji mikutanoni. Gharama yake ni chupa tupu na chumvi kidogo. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi yasiyokauka huoza, na yaweza kuua.