Bega Hupimwa kwa Mikono Kabla ya Kisu

Hapa Ngulyati bega hufanya kazi kutwa: kulima pamba, kubeba maji, kudaka mpira. Yafaa basi tulijue.

Kiungo cha bega ni mfano wa mpira uliokaa juu ya kisahani. Mpira ni kichwa cha mfupa wa mkono, na kisahani ni sehemu ya mfupa wa kombe. Kisahani hicho hakina kina, kwa hiyo kimezungukwa na ukingo wa gegedu. Mtu akiangukia mkono ulionyooshwa, au bega likiteguka, ukingo huo waweza kuchanika. Eksirei huonyesha mifupa, bali si mchaniko wa gegedu. MRI huuonyesha, lakini mashine hiyo haipatikani katika zahanati. Hivyo tabibu huanza kwa kuuliza: Uliumiaje? Je, bega hunasa au hutaka kuchomoka?

Kisha hupima. Katika kipimo cha O'Brien, kilichoelezwa mwaka 1998, mgonjwa hunyoosha mkono mbele usawa wa bega, huuelekeza ndani kidogo, kidole gumba kikitazama chini. Tabibu huusukuma chini, naye hukaza. Hurudia kiganja kikitazama juu. Maumivu yakiwa ndani ya bega mara ya kwanza, yakapungua mara ya pili, ukingo hushukiwa.

Katika kipimo kingine mgonjwa hulala chali, mkono ukiwa ubavuni usawa wa bega na kiwiko kimekunjwa. Tabibu huuzungusha nje polepole. Akiingiwa na hofu kwamba bega litachomoka, hushukiwa mchaniko wa mbele, ambao Bankart wa London aliueleza mwaka 1923.

Je, kipimo kimoja chatosha? La. Waliokichunguza tena kipimo cha O'Brien waliona uhakika wake ni mdogo kuliko ulivyodhaniwa mwanzoni. Daktari ni kama hakimu: husikiliza mashahidi wengi, yaani maelezo, vipimo na picha, ndipo ashike kisu. Tena wengine hupata nafuu kwa mazoezi tu.

Golikipa wa bweni letu alipoteguka bega muhula uliopita, wenzake walitaka kumvuta mkono. Nilisema tusiguse, kwani kuvuta ovyo huweza kuumiza neva na mishipa ya damu. Tuliufunga mkono kwa kitambaa, tukampeleka kwa tabibu.

Toka hapa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996 huko Dar es Salaam, ni safari ndefu na nauli ni kubwa. Mikono yenye ujuzi ndiyo huamua nani asafiri na nani abaki. Basi, wenzangu mpendao sayansi, someni kwa bidii. Mikono hiyo yahitajika hapa kwetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne