MVUA NA MITARO YA EASTLEIGH: SEHEMU YA SERIKALI NA SEHEMU YA MWENYE NYUMBA

Ndugu zetu wengi wa Eastleigh wana jamaa waliohamia mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, na bila shaka wamepata kuletewa habari za theluji ya huko. Theluji ikianguka kwa wingi, wakuu wa mji hutangaza hali ya hatari, na kwa muda wa siku tatu madereva huamriwa kuondoa motokaa zao katika barabara hizi leo na zile kesho, ili mitambo ya kusukuma theluji ipate kupita. Lakini njia ya waendao kwa miguu si kazi ya mitambo hiyo. Mwenye nyumba ya kuishi amepewa saa 24, tangu theluji ikome kuanguka, awe amekwisha kuisafisha njia iliyo mbele ya nyumba yake kwa sepeto. Mwenye duka, au mwenye jengo la wapangaji wengi, amepewa saa 4 tu za mchana. Asipofanya, mji huwatuma watu wake wakaifanye kazi ile, kisha yeye hupelekewa hesabu ya gharama.

Huku kwetu theluji iko kileleni mwa Mlima Kenya tu, nayo inapungua mwaka hata mwaka. Eastleigh ina mvua: masika kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Desemba. Hata hivyo swali ni lile lile. Barabara ikizibwa na kitu kilichotoka mbinguni, ni kazi ya nani kuizibua?

Yafaa tuanze na udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands imejengwa juu ya udongo mweusi unaonata. Udongo huu ukipata maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono ndani yake. Lami iliyowekwa juu yake hutikiswa kila msimu. Maji yakisimama kando ya barabara kwa siku nyingi hupenya chini ya lami na kuulainisha msingi. Kisha lori hupita, lami hubonyea na kufanya ufa, maji mengine huingia katika ufa ule, na kila gurudumu likikanyaga huyasukuma kwa nguvu na kutoka na mchanga wa msingi. Baada ya wiki chache pana shimo. Watu husema kwamba mvua imeharibu barabara. Kwa kweli mvua ingepita tu kama ingepata njia. Kilichoharibu ni maji yaliyozuiliwa. Kwa hiyo mtaro wenye gharama ndogo ndio unaoilinda lami yenye gharama kubwa, na wale wanaokumbuka jinsi First Avenue ilivyochimbwa katika miaka iliyofuata 2010, na jinsi wenye maduka walivyolalamika kwa matope na vumbi, wanajua gharama hiyo si ya fedha za Serikali peke yake.

Jambo la pili ni mapaa. Eastleigh ilipofanywa mtaa mnamo 1921, ilipimwa kwa barabara zilizonyoka na viwanja vilivyopangwa mraba kwa mraba, na nyumba zake zilikuwa fupi, zenye ua wa udongo. Mvua iliyonyesha uani ilizama uani. Leo viwanja vile vile vina majengo ya ghorofa nyingi na maduka makubwa yaliyofuata mfano wa Garissa Lodge, na ardhi imefunikwa kwa saruji kutoka ukuta hata ukuta.

Tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Chukua jengo lenye paa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Hilo ni paa la mita 300 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, paa hilo moja hutoa lita 15,000, yaani mapipa 75 ya lita 200. Majengo yaliyopangana katika barabara moja humwaga maji hayo kwa pamoja katika mtaro mmoja, nao mtaro huo umejaa mifuko, maganda ya mahindi, vitambaa vya mafundi cherehani na katoni za bidhaa.

Mimi nimepata kumwona kijana wa duka alfajiri akifagia mbele ya mlango wake kwa bidii ya kusifiwa. Alifagia vizuri hata katika pembe, akakusanya takataka zote, kisha akazisukuma mtaroni kwa ufagio mmoja. Nilipomwuliza, alinijibu kwa adabu, "Mzee, si maji yatazibeba?" Maneno yake yalikuwa ya kweli. Maji yatazibeba mpaka kwenye kalvati la kwanza, na hapo zitakaa.

Na zile zisizokwama huenda wapi? Eastleigh imekaa kati ya mito miwili: mto Mathare upande wa kaskazini, ng'ambo ya barabara ya Juja, na mto Nairobi upande wa kusini. Maji ya mitaro hushukia huko, na kando ya mito hiyo wanakaa watu: Mathare huku, Kiambiu kule. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, mto Mathare ulifurika na kuingia katika nyumba za mabati watu wakiwa wamelala, nao watu wakafa. Mapema mwezi wa Mei, Serikali ikaanza kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Hatusemi kwamba mfagizi wa Eastleigh ndiye aliyeufurisha mto. Mvua ya masika yale ilikuwa kubwa kupita kiasi nchini kote. Twasema tu kwamba mwenye kutupa yuko juu, na mwenye kupokea yuko chini, nao hawajuani.

Sasa kuhusu nani afanye nini. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeweka mikononi mwa serikali za kaunti barabara za kaunti, uzoaji wa takataka, na mifereji ya maji ya mvua mahali penye majengo mengi. Barabara kubwa za mijini zina mamlaka yake, iliyoundwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007. Basi kuchimba mtaro, kujenga kalvati, kuziba mashimo ya lami na kuzoa takataka kwa lori ni kazi ya wakuu, na mkaaji ana haki ya kuwadai. Lori lisipokuja kwa wiki tatu, kumwambia mama mwenye kibanda cha mboga kwamba asitupe takataka mtaroni ni kumwambia azile. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, imempa kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya serikali katika kuyahifadhi mazingira. Na kipande cha mtaro kilicho mbele ya mlango wako hakuna afisa atakayekiona kila asubuhi kama ukionavyo wewe.

Mwenye jengo ndiye mwenye kazi kubwa kuliko mpangaji. Mfereji wa paa lake usiungwe na bomba la maji machafu. Jambo hili hufanywa sana kwa sababu ni rahisi, na ndilo linalofanya mashimo ya maji machafu yafumuke barabarani kila mvua inyeshapo, kwa maana bomba lile lilipimwa kwa maji ya vyoo na jikoni, wala halikupimwa kwa mapipa 75 ya usiku mmoja. Uchafu huo huingia katika visima na mabomba yaliyopasuka, na kipindupindu hufuata nyuma yake. Wakati wa mafuriko maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi. Hali kadhalika, mwenye duka anayefunika mtaro kwa zege ili wateja wapite hana budi kuacha vifuniko vya kufunguliwa, la sivyo hapana mtu awezaye kuuzibua.

Mvua ikiwa imekwisha kunyesha na barabara imekuwa mto, jihadhari. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha inchi 6 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Ya futi 1 huweza kuielea motokaa ndogo, na ya futi 2 huchukua motokaa nyingi. Usimtume mtoto dukani. Usikanyage mahali usipopaona chini, kwa kuwa vifuniko vya mashimo huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ukilazimika kupita, tangulia na fimbo. Waya wa umeme uliolala majini usikaribiwe hata kama taa za mtaa mzima zimezimika.

Wakati wa kuzibua mtaro ni Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli, udongo ukiwa mkavu na mwepesi kwa sepeto. Wapangaji wa jengo moja wakipatana Jumamosi moja, kazi huisha kabla ya saa sita mchana. Ila yako makosa moja tunayoyaona kila mwaka: tope hutolewa mtaroni na kurundikwa ukingoni pale pale, watu wakanawa mikono, wakaenda zao. Mvua ya kwanza hulirudisha lote. Tope hilo litiwe magunia siku ile ile, na habari za lori zitafutwe kabla sepeto la kwanza halijaingia mtaroni.